Meka kwa meka pesa inaisha

Mdogo wangu wa mwisho anaishi Des Moines, katika jimbo la Iowa, Marekani, na anashughulika na kuponi kwa bidii ambayo hapa nyumbani tungeihesabu kuwa kazi ya pili. Nikimpigia Jumapili namkuta mezani na kurasa za matangazo mbele yake, mkasi mkononi, simu upande wa pili na programu za maduka zimefunguliwa. "Yaya," ananiambia mimi mkubwa wake, "wiki hii dawa ya meno imenitoka kwa senti tu." Zamani nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya watu. Kisha nikaanza kumuuliza: hiyo pesa unayopunguziwa inatoka kwa nani? Anayekupunguzia anapata nini? Majibu yake yalinifanya niliangalie upya soko letu la Lubumbashi, Kongo, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Kuponi hazitufikii, na sidhani kuwa tunapaswa kuzisubiri. Punguzo lipo hapa hapa, ila wengi wetu hatulifikii kwa sababu tunanunua peke yetu na tunanunua kidogo kidogo, meka kwa meka, yaani kwa kopo la kupimia la sokoni.

Nieleze kwanza mambo ya kule, maana bila kuyaelewa mtu anaweza kudhani ni sadaka. Kuponi ni karatasi, siku hizi pia alama kwenye simu, inayosema kwamba ukinunua sabuni fulani unapunguziwa, tuseme, dola moja. Kuna ya duka na kuna ya kiwanda. Ya duka gharama yake inabaki kwa duka. Ya kiwanda inakwenda mbali zaidi: duka linakupunguzia pale pale, linakusanya kuponi zote, linazipeleka kwa kampuni zinazozihesabu, na mwishoni kiwanda kinalirudishia duka thamani yake pamoja na senti chache za usumbufu. Kwa kuwa walipaji ni wawili, maduka mengi yanakubali kuponi zote mbili juu ya kitu kimoja. Mnunuzi hodari anangoja mpaka wiki ambayo kitu hicho kimeshushwa bei, ndipo anazitoa zote kwa pamoja. Hivyo ndivyo dawa ya meno inavyofika senti.

Halafu kuna marejesho ya pesa. Unalipa bei kamili, unapiga picha ya risiti, unaituma kwa programu kama Ibotta, iliyoanzishwa Denver mwaka 2011, na baadaye sehemu ya pesa inarudi kwako. Viwanda vinaipenda njia hii, kwa sababu wanunuzi wengi wanavutwa na ahadi ya marejesho, kisha wanasahau kuyadai.

Faida ya kiwanda iko wapi? Kiwanda kinajua kuna mnunuzi mwenye haraka, anayelipa bei iliyoandikwa bila kuuliza, na kuna mwingine ambaye kwa bei hiyo hatanunua kabisa. Kuponi ni chekeche linalowatenganisha. Mwenye haraka analipa zote. Anayekubali kukata, kutunza, kukumbuka tarehe ya mwisho na kuhesabu anapata bei ya chini. Ni desturi ya zamani: tangu miaka ya mwisho ya 1880 Coca-Cola ilikuwa ikigawa vikaratasi vya kumpa mtu glasi moja bure, ili aonje na arudi na pesa yake.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni jingine. Nilipomuuliza mdogo wangu chakula chenyewe cha watoto anakinunua wapi, hakutaja kuponi. Mchele, mayai, vitunguu, kuku, maziwa, vyote anavichukua Aldi, na maduka ya Aldi huko Marekani hayapokei kuponi za viwanda. Bei zao ziko chini tangu mwanzo, maana wanaweka aina chache za bidhaa, nyingi zikiwa na jina la duka lenyewe, na wanaziacha ndani ya boksi zilizokuja nazo badala ya kumlipa mtu azipange moja moja. Hata toroli la kubebea vitu unalifungua kwa sarafu yako, na sarafu inarudi ukilirudisha mwenyewe mahali pake. Kuponi zinamsaidia kwenye sabuni, shampuu, nepi na vyakula vya boksi. Ni nadra aone kuponi ya maharagi. Punguzo kubwa la nyumba yake linatoka kwa muuzaji anayenunua kwa wingi na kupunguza gharama za kuuza.

Hapo nikamkumbuka baba yetu.

Waliokulia kama sisi kwenye kambi za Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, hawahitaji kuelezwa posho ni nini. Tangu enzi za Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, mfanyakazi alipokea mshahara na chakula. Hata baada ya kampuni kuchukuliwa na serikali mwishoni mwa 1966 na baadaye kuitwa Gécamines, unga uliendelea kuingia nyumbani kwa magunia. Mama zetu walikwenda kantini wakarudi na unga, samaki na mafuta ya mwezi mzima. Watu walisema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Tulidhani ni ukarimu tu, lakini ndani yake kulikuwa na hesabu: kampuni ilinunua mahindi ya maelfu ya familia kwa mara moja, na bei ya maelfu ya familia haiwezi kulingana na bei ya mama mmoja aliyesimama sokoni na beseni. Miaka ya 1990 Gécamines ilipoanguka, mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Wengi waliulilia mshahara. Lakini sijasikia watu wakisema wazi kwamba siku ile tulipoteza pia bei ya jumla. Tangu hapo kila nyumba inajinunulia, na inanunua kwa kipimo kidogo kuliko vyote.

Niweke hesabu. Tarakimu ni za mfano, maana bei zinabadilika kila wiki, lakini umbo la hesabu ni lile lile. Tuseme gunia la unga la kilo 25 ni faranga 50,000. Kilo moja imekuwa 2,000. Mama anayelifungua gunia hilo sokoni na kuliuza kwa meka lazima naye apate chochote, na ni haki yake, kwa hiyo kilo moja kwake inafika tuseme 2,400. Nyumba inayokula magunia mawili kwa mwezi ikinunua kwa meka inalipa faranga 20,000 zaidi. Hizo ni kilo 10 za unga. Kila mwezi nyumba hiyo inalipa unga ambao haitaula, na ndiyo nyumba isiyo na pesa.

Mafuta yana hesabu hiyo hiyo: ya bidoni ya lita 20 ukiyalinganisha na yale ya kupimiwa kwa vikombe. Sukari, sabuni, chumvi, maziwa ya unga, vivyo hivyo. Makala, yaani mkaa, ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu anayenunua kwa vifuko vya plastiki hulipa hata vumbi. Tena meka yenyewe si amini. Kuna zilizobonyezwa chini kwa makusudi, na kuna mikono inayojua kuujaza unga ukaonekana mlima huku katikati uko mwepesi. Nenda masoko ya mjini kwetu, nenda Kenya, nenda Katuba, nenda Mzee Kabila, utaziona.

Usimwambie mtu "nunua gunia" kama vile hajafikiri. Anajua. Anayepata pesa yake kwa siku ananunua kwa siku; gunia linataka pesa yote leo. Chumba kimoja cha kulala watu sita hakina mahali pa kuweka magunia, na panya wapo. Samaki wa barafu hawawezi kununuliwa kwa wingi na mtu ambaye umeme unamkatikia siku mbili. Na kuna lile la katikati ya mwezi: pesa ikiisha tarehe 15, wengi wanakwenda Bank Lambert, yaani kwa jirani anayekopesha kwa riba nzito ya mwezi kwa mwezi. Hakuna punguzo la sokoni linaloweza kuziba riba ile. Kwa hiyo ushauri wowote wa kubana matumizi usioanza na swali la "pesa ya gunia itatoka wapi kwa pamoja" ni ushauri wa wenye mishahara.

Jibu tulilolipata kwenye avenyu yetu lilitoka ndani ya likelemba. Tulikuwa nayo tayari, kama kila mahali Kongo: kila mtu anatoa kiasi kile kile, na kila mara mmoja anapokea zote. Ni kitu kizuri, ila pesa ikimfikia mtu mkononi inakutana na shida zote zinazomsubiri mlangoni. Mmoja wetu, mama anayeuza tomsoni, samaki wa barafu, ndiye aliyesema: kwa nini zamu isiwe ya vitu? Yeye ananunua samaki kwa katoni na anajua katoni inavyogawanyika. Tukaanza na katoni moja ya tomsoni kati ya nyumba kadhaa. Asubuhi inaletwa, inagawanywa kwa mizani, saa nne kila mtu ameondoka na fungu lake, na hakuna haja ya friji kwa sababu hakuna kinachobaki. Baadaye unga. Baadaye mafuta na sukari. Sabuni iliingia ya mwisho, na ndiyo iliyotushangaza, maana haiozi, hailiwi na panya, na katoni yake nzima inakaa chini ya kitanda.

Mizani ndiyo kitu cha kwanza tulichonunua kwa pesa ya pamoja: ile ndogo ya kuning'iniza, yenye ndoano. Naisifu bila aibu. Imemaliza maneno ya "fungu lako kubwa, langu dogo", na inakwenda nasi hadi depo, ghala la kuuzia kwa jumla. Gunia lililoandikwa 25 tunalipima mbele ya muuzaji. Wengi hawachukii, mwenye gunia kamili hafichi kitu.

Nilipokuwa nikitafuta kusoma kuhusu vikundi vya namna hii nilikutana na habari ya mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Tarehe 21 Desemba 1844 watu 28, baadhi yao wafumaji maskini, walifungua duka lao kwenye barabara ya Toad Lane. Siku ya kwanza walikuwa na siagi, sukari, unga, oti na mishumaa, basi. Wakati huo maduka mengi yaliwauzia wafanyakazi unga uliochanganywa na takataka, na kwa deni lisiloisha. Wao wakaweka sheria: unga safi, kipimo kamili, na hakuna deni, pesa mkononi. Waliuza kwa bei ya kawaida ya mji. Kisha kila kipindi walihesabu faida, na ile iliyobaki baada ya gharama ilirudi kwa wanachama, kila mmoja kwa kadiri ya manunuzi yake. Aliyenunua zaidi, alirudishiwa zaidi.

Hayo ni marejesho ya pesa kabla ya programu za simu, na nayaona bora kuliko ya Marekani ya leo kwa sababu moja: hayasahauliki. Huhitaji kutuma risiti wala kutoa habari zako kwa kampuni. Daftari la wote linajua ulichonunua, na mwenye duka ni wewe. Tulichukua utaratibu huo karibu kama ulivyo. Kilo ya unga ikitutoka 2,000 kwa jumla, hatuuziani 2,000. Tunauziana bei iliyo katikati ya jumla na meka. Tofauti inaingia kwenye sanduku. Sanduku lina kufuli mbili, na mwenye ufunguo mmoja si jamaa wa mwenye ufunguo wa pili. Sehemu ya pesa ile inalipa mkokoteni na usafiri, sehemu inakaa kama mtaji wa gunia lijalo, na inayobaki inagawanywa Desemba, kabla ya sikukuu, kwa kufuata daftari. Mtu ambaye mwaka mzima hakuweza kuweka akiba hata kidogo anajikuta ameiweka kwa kula tu.

Sheria ya kutokopeshana ndiyo iliyoleta mabishano marefu. Kwetu kumnyima jirani unga ni jambo zito. Tulikubaliana hivi: mwenye msiba au mgonjwa anasaidiwa, lakini kwa mchango wa wazi, kila mtu anatoa chake na jina lake linaandikwa, mtaji wa gunia hauguswi. Naamini bila sheria hiyo tungekuwa tumekwisha kufa kama kikundi. Depo haitusubiri, na mmoja akikosa kulipa sote tunarudi kununua kwa meka tena.

Sasa majira, maana hapa kuna pesa nyingi kuliko kwenye punguzo lolote la dukani. Mahindi yetu ya Katanga yanavunwa kuanzia Aprili hadi Juni. Miezi ile bei inashuka, kisha inapanda taratibu, na Januari na Februari, mvua ikiwa imeharibu barabara na ghala zikiwa tupu, inakuwa juu kabisa. Kuna pia unga wa Zambia unaoingia kwa Kasumbalesa, takriban kilomita 90 kutoka mjini, na tunautegemea mno. Mwaka 2024 ukame ulipounguza mashamba ya Zambia, serikali yao ilitangaza janga la kitaifa mwezi Februari, na mahindi yakawa hayawatoshi hata wenyewe. Kila nyumba ya Lubumbashi iliuona mwaka ule kwenye sufuria ya bukari, ugali wetu.

Kwa hiyo ukiwa na wenzako, nunua mahindi makavu wakati wa mavuno na usage kidogo kidogo. Yauma kwa meno: punje kavu inavunjika kwa sauti, yenye maji inabonyea. Hili usilichezee, kwa sababu mahindi mabichi yakifungwa kwenye gunia yanaota ukungu, na baadhi ya ukungu huo una sumu inayoharibu ini, sumu ambayo kupika hakuimalizi. Anika kwanza juu ya turubai. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Pumba zinazobaki baada ya kusaga mama mmoja wetu anazinunua kwa ajili ya kuku, na pesa yake nayo inaingia sandukuni.

Jambo la dola na faranga linawapunja watu kimya kimya, hasa kwenye maduka makubwa. Bidhaa imeandikwa kwa dola, wewe una faranga; au imeandikwa kwa faranga, wewe una dola. Kila duka lina kiwango chake cha kubadilishia, na hicho ni bei ya pili iliyofichwa nyuma ya ile iliyoandikwa. Uliza kiwango kabla ya kujaza kikapu, kilinganishe na cha kambiste, mbadilisha pesa wa nje, kisha ulipe kwa pesa inayokufaa. Kwa kikapu cha dola 50, tofauti ya faranga 100 kwa kila dola ni faranga 5,000 zilizoanguka pale kwenye kaunta. Faranga ilipopata nguvu mwaka 2025, wengi walitegemea bei zishuke pamoja na dola. Nyingi hazikufanya hivyo kwa kasi ile, na waliokuwa na tabia ya kuandika bei walikuwa wa kwanza kujua nani ameshusha na nani hajashusha. Na noti ya dola iliyochanika hata kidogo ikatae pale pale unaporudishiwa chenji, kwa sababu wewe ukiipeleka itakataliwa, au kambiste ataichukua kwa hasara yako.

Mambo madogo niyataje kwa haraka. Chupa tupu za bia na soda zina pesa ya dhamana ndani yake. Zikikaa uani zinavunjwa na watoto, basi zirudisheni. Zawadi za chini ya vifuniko ni bahati nasibu, msizihesabu kama punguzo. Matabishi ya mama wa sokoni, kile kiganja cha nyongeza juu ya fungu, ombeni kwa heshima na kwa mama yule yule kila mara. Mteja anayejulikana hupata nyanya nzuri za chini, si zile zilizopangwa juu kwa macho. Na dukani, kitu kilichoshushwa bei ghafla kisomwe tarehe kwanza. Maziwa ya unga yanayokwisha wiki ijayo yanaweza kuwa bei nzuri kwa nyumba ya watoto watano na hasara kwa mtu anayeishi peke yake.

Kuna swali ninaloulizwa kila ninapozungumzia kikundi chetu: je, hatuwanyang'anyi chakula mama wa meka? Nimelifikiria sana, kwa sababu mama wa meka ni dada zetu. Wawili wako ndani ya kikundi. Wanachukua unga wao nasi depo, kwa bei ya magunia mengi, na wanaendelea kuuza sokoni kwa watu ambao bado hawana kikundi. Faida yao imepanda kidogo na wameweza kutobonyeza meka. Yule asiyekuwa na chochote zaidi ya pesa ya leo ataendelea kumhitaji mama wa meka, na mama huyo anahitaji kupata gunia kwa bei nafuu kuliko sisi sote. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, wauzaji wadogo ndio wangefaa kuwa wa kwanza kujiunga na vikundi hivi, kabla ya wake wa wafanyakazi wa migodi.

Kwa anayetaka kuanza: msiwe wengi. Nyumba tano zinazofahamiana zinatosha kwa katoni ya samaki na gunia la unga. Anzeni na kitu kinachogawanywa na kuisha siku ile ile, ili watu waone mizani ikifanya kazi kabla hawajaombwa kuamini sanduku. Daftari liandikwe na mtu mmoja na lisomwe kwa sauti mbele ya wote kila mgao. Sisi mwaka huu tunajiandaa kwa mahindi ya Mei. Tayari tumezungumza na mwenye lori anayepakia upande wa Kasenga, na tunatafuta chumba kikavu cha kukodi kwa miezi sita, chenye mlango mzuri na sakafu ya saruji.